Mpima, Mashine Yake na Bonde la Majani

Sikuwahi kumuuliza alizaliwa wapi, na yeye hakuwahi kuniambia. Watu wakiandika habari za mtu huanza na babu yake. Mimi nilimpangisha chumba, na mwenye nyumba humjua mpangaji kwa namna anavyofunga mlango. Huyu aliufunga kwa nguvu, kila siku, hata akiwa hajakasirika. Mbulu mjini wote tulimwita Mpima kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima ardhi na kuchora ramani. Hilo linatosha.

Mimi niliishia darasa la nne. Nasema mapema ili asije mtu akanisahihisha. Biashara zilipofunguliwa na maghala ya ushirika yakabaki na popo, niliuza ng'ombe nikanunua mashine ya kusaga, injini ya dizeli ambayo mwenyewe alikuwa ameichoka. Kwa mashine hiyo nilijenga, nikasomesha, nikanunua trekta, nikaweka vyumba vya kupangisha nyuma ya kinu. Sikumwomba mtu. Mpima alikuja kukaa kwenye chumba cha mwisho, kile kilichopakana na kinu, kwa sababu kilikuwa na dirisha kubwa linaloangalia upande wa upepo. Wapangaji wote walikikimbia kwa baridi. Yeye alikiingia, akasimama dirishani, akasema, "Hiki hiki."

Alikuwa mtumishi wa serikali zamani, akapunguzwa kazini ile miaka ya kupunguza watu. Akahangaika. Mkoa ulipokatwa kutoka Arusha ukaitwa Manyara, kila kijiji kikataka kujua kinaanzia wapi na kinaishia wapi, na mtu aliyetupwa akaanza kutafutwa. Ila sasa hakurudi na minyororo ya kupimia na ile darubini ya miguu mitatu. Alirudi na laptopu.

Nikisema laptopu msifikirie hizi nyembamba za vijana za kuangalia picha. Yake ilikuwa nene, nzito kama tofali bichi, na chaja yake peke yake ungeweza kumpigia mwizi. Ilikuwa inabeba kazi ambayo kompyuta za ofisini zingeizimia. Kuna kindege kisicho na rubani, alikuwa anakiazima kwa watu wa mradi, kinaruka juu ya ardhi kinapiga picha mamia kwa mamia. Halafu laptopu inazishona picha zote ziwe picha moja, unaona kila kichaka, kila njia ya ng'ombe, kila tuta. Kushona huko kunachukua saa nyingi, na muda wote huo ile mashine inachemka. Ndani kuna kitu kinaitwa prosesa, ndiyo akili yake. Akili ikifanya kazi sana inapata moto, na moto ukizidi mashine inajizima yenyewe, kazi yote ya tangu asubuhi inapotea.

"Haijafa," aliniambia mara ya kwanza nilipoona inazima. "Imejiokoa. Laiti watu wangekuwa na swichi hiyo."

Nilikuja kumfahamu kwa sababu ya joto hilo. Miaka yote aliyokaa kwangu alikuwa anapigana nalo, na nimechoka kueleza kwa watu kwa nini mtu mzima aliamka alfajiri kufungua dirisha Mbulu, ambako hata mbuzi anatafuta ukuta wa kuegemea.

*

Ugomvi wetu wa kwanza ulikuwa juu ya unga.

Kinu kinatoa vumbi, kila mtu anajua. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nilirudi nyumbani kila siku mweupe kama mzimu. Mpima hajamaliza hata miezi michache, laptopu ikaanza kulia. Feni yake ilikuwa inapiga kelele kama nzi aliyeingia kwenye chupa. Akaifungua kwa bisibisi ndogo, akaniita.

"Mzee, njoo uone."

Nikaenda. Akanionyesha vile vibati vyembamba ambavyo hewa inapita. Vilikuwa vimezibwa na kitu cha kijivu, kigumu.

"Hiki ni nini?" nikamuuliza.

"Ugali. Unga wako unaingia, mvuke wa asubuhi unaukanda, joto linaupika. Mzee, unaua mashine yangu."

"Basi hamia hotelini. Kuna kapeti."

"Kapeti ndiyo mbaya zaidi!"

"Basi kaa na ugali."

Alipiga mlango, wiki nzima akanisalimia kwa kidevu tu. Lakini hakuhama. Alitundika kitambaa cha chandarua mlangoni upande wa kinu, na siku ambazo nilisaga sana hakuiwasha kabisa. Kila mwisho wa mwezi aliifungua akaisafisha kwa brashi ya rangi, taratibu, kama mwanamke anayesafisha sikio la mtoto. Akiisafisha alishika feni kwa kidole isizunguke. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ukiipuliza ikazunguka ovyo inaharibika. Nikasema injini yangu naipiga nyundo na inanguruma. Akasema, "Ndiyo maana inasikika mpaka Dongobesh."

Alikuwa na mdomo mbaya. Hilo nalo liandikwe.

*

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia mpaka watoto wangu wakayashika. Ukiweka laptopu juu ya kitanda au blanketi alipiga kelele: "Unaizibia pua!" Mezani kwake iliinuliwa kwa magunzi mawili ya mahindi kila upande, hewa ipite chini. Nilipomwambia nitamtengenezea kibao kizuri kwa fundi, alisema magunzi yanatosha, yakioza anapata mengine bure, na kwangu hayataisha.

Lile jina la Kiswahili cha redioni, kompyuta mpakato, hakulipenda. "Nani aliwaambia ipakatwe?" alisema. "Mtoto unampakata apate joto. Hii ukiipakata umeiua, na mapaja yako nayo yameungua."

Kwenye kioo, pembeni, alikuwa ameweka namba ndogo inayoonyesha joto la prosesa. Aliitupia jicho kila mara, hata mkiwa mnazungumza habari za msiba. Ikikaribia tisini alinyamaza katikati ya sentensi, akapunguza kazi, akangoja, kisha akaendelea na sentensi yake palepale alipoiachia. Wageni walidhani ana ugonjwa.

Na bado, mtu huyu huyu aliua pikipiki. Nilikuwapo. Alikuwa anatoka Hanang, amepandisha milima kwa mwendo wa kichaa kama kawaida yake, ikafika mbele ya kinu changu ikakwama, ikatoa moshi, ikanyamaza. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kikavu.

"Mpima," nikamwambia, "wewe unaitazama laptopu joto usiku na mchana. Hii pikipiki uliitia oili lini?"

"Haina namba ya joto," akasema.

"Ina kijiti!"

"Mimi si mtu wa vijiti, Mzee."

Watu waliokuwa wanangoja zamu ya kusaga walicheka mpaka mama mmoja akamwaga mahindi. Yeye hakucheka. Aliisukuma ile pikipiki hadi kwa fundi, na koti lake kubwa mwilini, jasho linamtiririka. Koti hilo hakulivua hata bondeni. Alivuta sigara zake karibu na laptopu na kupuliza moshi pembeni, eti moshi haumdhuru anayeuheshimu. Chai aliinywa ya kuungua ulimi. Na hasira zake ndizo zilikuwa za haraka kuliko za mtu yeyote niliyewahi kupanga naye bei. Alijua kupoza kitu kimoja tu duniani.

*

Sasa niseme habari ya bonde, maana ndiyo kazi kubwa aliyoifanya, na ndiyo ilikaribia kumshinda.

Chini huko, upande wa Yaeda Chini, kuna bonde la majani. Kiangazi kikikaza, kwingine kote kukiwa vumbi, pale majani yanabaki. Wafugaji wa bondeni hupeleka ng'ombe wao hapo, na wale wenzetu wanaoishi kwa asali na mizizi hupita humo na mbwa zao. Sisi wa juu ni wakulima. Mashamba yetu yamegawanywa kwa wana, na wana wa wana, mpaka mtu analima sehemu ambayo akigeuza jembe amegonga kwa jirani. Basi vijana wetu wakaanza kushuka. Mwaka huu kipande cha vitunguu, mwaka kesho mahindi. Mifugo ikaingia mashambani, kijana mmoja akakatwa mkono, mfugaji mmoja akavunjwa mguu. Watu wa ardhi wa wilaya wakasema: leteni ramani. Ionyeshe majani yako wapi, mashamba yako wapi, njia za ng'ombe ziko wapi. Kitakachoonekana kwenye ramani kuwa malisho kitaandikwa malisho. Na iletwe kwenye kikao kabla ya mvua za kulima, maana mvua ikinyesha jembe halisubiri karatasi. Ramani ikichelewa, msimu huo bonde lote lingelimwa, na ng'ombe wa kule wangekufa.

Wakampa Mpima kazi hiyo, vijiji vyote viwili, cha juu na cha bondeni, vikakubaliana, kwa kuwa kila upande ulikuwa umewahi kutukanwa naye.

Mimi nilitaka bonde lilimwe. Sifichi. Nina trekta, na trekta haili majani. Nikamwambia wazi akiwa anakunywa chai uani kwangu.

"Najua," akasema. "Unalala ukiota matuta."

"Na bado unalala kwangu."

"Kodi nalipa. Ramani siyo sehemu ya kodi."

Basi. Hatukulizungumza tena kwa muda.

Alirusha kile kindege siku kadhaa. Mara ya kwanza ng'ombe walitawanyika, na mzee mmoja wa wafugaji, mrefu, mwenye mkuki na redio, alimfuata Mpima akamwambia, "Mtoto wako wa chuma ameharibu maziwa ya leo." Mpima akamwonyesha picha kwenye kioo. Yule mzee akawatambua ng'ombe wake mmoja mmoja kwa migongo yao, akacheka, na tangu siku hiyo akawa mwenyeji wake.

Lakini kushona zile picha kule bondeni hakukuwezekana. Walimpa ofisi ya kijiji, ya bati, heshima kubwa. Mchana bati lile lilikuwa jiko. Laptopu ilizima, ikawaka, ikazima. Mtu mmoja wa ofisi akaleta chupa ya maji ya baridi kutoka friji ya duka la soda, akataka kuiweka juu ya mashine. Mpima akamshika mkono hewani. "Jasho la chupa likidondoka humo ndani, tutazika," akasema. Akatoka, akamwomba yule mzee wa mkuki nyumba yake, ile ya udongo, paa la udongo, chini chini, yenye giza na ubaridi. Waheshimiwa wakaona aibu: mtaalamu kukaa na ndama? Akakaa na ndama. Mashine ilivumilia kidogo, lakini umeme wa kijenereta ulikuwa unapanda na kushuka, na mavi makavu ya ndama ni vumbi kama unga wangu. Akafunga mizigo, akarudi Mbulu kwenye baridi.

*

Hapa anaingia mke wangu.

Mke wangu ni mshona vitambaa. Kwetu huku, na nadhani kwingi Tanzania, kitu cha thamani hakikai uchi ndani ya nyumba. Redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa, chupa ya chai, viti, hata jagi la maji lina kofia ya shanga pembeni. Vyote vyake anavishona kwa uzi wa sufu na sindano ya ndoano, maua na nyota. Kumfunikia mgeni kitu chake ni kumwambia: chako nakiheshimu kama changu.

Asubuhi hiyo kikao kilikuwa kimekaribia sana. Mpima alikuwa ameiacha laptopu ikishona bonde zima, akaenda Babati kwa basi kufuata karatasi kubwa ya kuchapia. Dirisha aliliacha wazi. Mke wangu akaingia kufagia. Akaona upepo unaingia na vumbi, mashine ya mgeni imekaa peke yake juu ya magunzi, inahema. Akaihurumia. Akafunga dirisha. Akaenda akaleta kitambaa kipya kabisa, kikubwa, cha bluu na nyeupe, alichokuwa anakishona kwa ajili ya harusi ya mtoto wa dada yake, akaifunika vizuri, pembe nne zikaning'inia sawasawa.

Mpima aliporudi jioni jua bado liko juu ya mlima, nilikuwa nyuma yake mlangoni. Chumba kilikuwa kimya. Akakiona kile kitambaa. Akakinyanyua kwa vidole viwili. Mashine ilikuwa imezima, ya moto kama sufuria. Na pale pembeni, kwenye tundu la feni, uzi wa sufu ulikuwa umevutwa ndani, umejizungusha kwenye feni mpaka ikakwama.

Nikajua sasa nyumba itabomolewa. Mtu huyu aliwahi kumtukana mchungaji wa kanisa kwa kuegemea meza yake. Mke wangu akaja mbio anafuta mikono kwenye kanga, anatabasamu.

"Umeiona, Mpima? Nimeifunikia. Vumbi lilikuwa linaila."

Mpima alikaa kitandani. Nikaona mishipa ya shingo inatoka, inarudi.

"Asante, mama," akasema. "Kitambaa kizuri sana. Umeshona mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Nyota hizi?"

"Zote."

"Asante sana, mama."

Mke wangu akaondoka anaimba. Sijawahi kumwona Mpima amechoka vile. Alikuwa kama ng'ombe aliyefunguliwa nira, anasimama palepale, hajui kwamba anaweza kwenda.

"Kazi imepotea?" nikamuuliza.

"Yote."

"Kikao?"

Akatoa bisibisi. Uzi akauchomoa kwa kile kibanio chake cha kung'olea ndevu, kipande kwa kipande. Halafu akafungua ndani zaidi kuliko nilivyowahi kuona. Kati ya prosesa na bomba la shaba linaloondoa joto kunapakwa dawa laini, kama mafuta mazito. Yake ilikuwa imekauka, imepasuka kama chokaa ya ukuta. Akaikwangua kwa kadi ya simu, akaisafisha kwa spiriti ya hospitali, akapaka mpya kutoka kwenye kibomba kidogo alichokuwa anakitunza ndani ya soksi. Alipaka punje tu, ukubwa wa mbegu ya mtama. Nikamwambia aongeze, mbona anabana. Akasema ikizidi inakuwa blanketi.

Ikawaka. Hakushangilia. Alikuwa anahesabu moyoni siku zilizobaki, nikaona midomo inacheza.

*

Nilidhani sasa ataikimbiza. Mtu aliyechelewa hukimbia. Yeye akaifunga spidi. Alibonyeza bonyeza akaiambia prosesa isifike nguvu yake ya juu kabisa, iishie chini kidogo. Nikaona kama kichaa kimempanda.

"Umechelewa halafu unaipunguza?"

"Mzee, wewe umelima na maksai. Ukiwachapa mteremko wote, jioni jembe unavuta mwenyewe. Hii ikipanda juu inachemka, ikichemka inajipunguza yenyewe ovyo, au inazima. Bora niipunguze mimi kwa adabu."

Kisha akalikata bonde. Badala ya kulishona lote kwa mara moja, akaligawa vipande vipande, kila kipande kinashonwa peke yake, kikiisha anakihifadhi, mashine inapumzika, kinaanza kingine. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mji, alifungua lile dirisha la upepo. Baridi ile ilipita chini ya milango ya nyumba nzima. Mke wangu alilala na koti. Mimi nilikohoa kifua kikanibana, nikaenda kumgombeza.

Nikamkuta amekaa sakafuni kwa koti lake, vidole vimekufa ganzi, anavipulizia, jicho kwenye ile namba.

"Funga dirisha, utaua watu," nikamwambia.

"Wewe unataka ishindikane," akasema bila kugeuka. "Ukifunga tu, imeshindikana. Trekta yako itashuka na mvua ya kwanza. Funga basi, nyumba ni yako."

Nilisimama pale. Kwenye kioo kulikuwa na kipande cha bonde, majani ya kijani kibichi, na njia za ng'ombe nyembamba zinazokutana kwenye maji kama mistari ya kiganja. Nilikuwa nimepita kule miaka mingi kwa miguu yangu na sijawahi kuliona hivyo. Nikarudi kulala. Dirisha sikulifunga. Asinisifu mtu, nilikuwa nimechoka kubishana, na nilitaka nishindwe au nishinde kwa haki, siyo kwa dirisha.

Kinu nacho nilikisimamisha siku zile. Wateja wakalalamika. Nikawaambia injini inapumzika.

Ramani ilifika kwenye kikao ikiwa bado inanuka wino. Waliitandaza chini, wazee wa juu na wa bondeni wakapiga magoti kuizunguka. Yule mzee wa mkuki akaweka kidole kwenye maji, akasema jina la kila njia. Mzee mmoja wa kwetu akaonyesha matuta ya vijana wake, akasema kweli, haya ni yetu, tumeingia. Hakuna aliyeweza kubisha na picha. Mashamba yaliyokuwapo yakaachwa kwa wenyewe. Kilichobaki kikaandikwa malisho, mpaka ukawekewa mawe.

Mtu mmoja wa wilaya akamuuliza Mpima kwa nini amechelewesha mpaka dakika za mwisho. Mke wangu alikuwa pale, ndiye alipika.

"Mashine ilichemka," akasema Mpima. "Niliiacha bila uangalizi. Kosa langu."

Siku ya pili ndipo alipomwita mke wangu, akamfundisha kwa upole nisioujua. "Mama, ikiwa imelala, ifunike. Ikiwa inafanya kazi, iache uchi." Akamwonyesha hewa inapoingia na inapotokea, akamwekea kiganja chake pale asikie joto. Mke wangu akaondoa kiganja, akauliza, "Siku ile je?" Mpima akasema siku ile ilikuwa na mambo mengi. Mke wangu si mjinga. Alienda jikoni, na jioni hiyo Mpima alikula kuku mzima.

*

Alihama baada ya miaka kadhaa, akaenda kuishi Masakta kwa binti yake, huko Hanang, akalima mbaazi. Ilisemekana macho yamemwishia. Kukodolea kioo alfajiri kwa alfajiri, au sukari, au vyote. Sikwenda kumwona. Watu wa umri wetu tunakutana kwenye mazishi, na hajafa wa kutukutanisha.

Kiangazi kilichopita nilishuka Yaeda Chini kwa jambo langu. Nilipofika pale juu, ambapo barabara inageuka na bonde linaonekana lote, nikakuta gari limesimama linapozwa, na mtu wa koti kubwa amekaa juu ya jiwe.

"Mpima," nikasema.

Akageuza sikio kwanza, halafu uso. "Mwenye nyumba. Bado unakohoa."

"Dirisha lako hilo."

Alikuwa amemwomba mkwewe ampitishe pale, gari likiwa linaelekea kwingine. Nikakaa kando yake. Magoti yangu yamekufa, yakapiga kelele nikikaa, na yeye akacheka ile mara moja tu. Upepo wa moto ulikuwa unapanda kutoka chini.

"Mkwe wangu ananiambia kila kitu ni kizuri," akasema. "Ni mtoto mzuri, anaogopa kunisumbua. Wewe hujawahi kuogopa kunisumbua. Niambie kuna nini huko chini."

Nikatazama. Nilitazama vizuri.

"Kutoka kwenye miamba mpaka kwenye maji ni majani," nikasema. "Ng'ombe wapo. Wengi."

"Na ng'ambo ya maji?"

"Ng'ambo ya maji pamelimwa."

"Ndani ya mawe?"

"Ndani ya mawe. Mawe yenyewe wameyasogeza."

Mkono wake ulikuwa unasugua goti.

"Nani?"

Mtu angeweza kusema vijana. Angeweza kusema sijui, pako mbali. Trekta ilikuwa inaonekana kutoka pale tulipokaa, nyekundu, na vumbi nyuma yake.

"Wanangu," nikasema.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Ndilo lililonileta leo, na si mara ya kwanza. Wananisikiliza mpaka nimalize, kisha wanauliza kama nimekula."

Mkwewe akafunga boneti, akasema gari liko tayari. Mpima hakuinuka. Alikuwa ameelekeza uso bondeni kama anayeona.

"Jiwe la kona lilikuwa mahali ambapo njia mbili za ng'ombe zinakutana," akasema. "Kwa lile sihitaji macho. Nikisimama kwenye njia nitaijua kwa miguu." Akanyoosha mkono hewani, akiutafuta wangu. "Twende. Utawaambia tena, mimi nikiwa nimesimama pale. Waniulize na mimi kama nimekula."

"Magoti yangu hayashuki, Mpima."

"Na macho yangu hayaoni. Twende hivyo hivyo."

Nikamshika mkono. Mkwewe akaanza kupiga kelele kwamba jua ni kali, tungoje lipungue. Hatukungoja. Tukaanza kuteremka, mimi nikimwambia pa kukanyaga, na kule chini ile trekta ikasimama.